Mkono wa Dirishani

Aliyenipa habari hii ni Scovia wa Rusinga, yule anayeniletea omena, dagaa wa ziwani, kila Jumanne hapa Oyugis. Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka huu tulio nao, siku kumi baada ya mkutano wa skauti uliofanyika Homa Bay. Alitua karai, akakalia ndoo yangu ya maji, akasema, "Mama, leo siuzi mpaka nikwambie." Yale ya ndani ya nyumba nilimaliziwa na Milka, ambaye tumepakana naye ua, kwa kuwa aliyepatwa ni mama yake mzazi. Nami nayaweka hapa kama yalivyofuatana.

Mama yake Milka ni Nyasuguta, na kwake ni Kegonga, kule Kuria Mashariki. Mwaka huu ni wa kumi na tisa akiwa mlezi wa kundi la skauti wasichana la pale. Wasichana wenyewe ni thelathini na mmoja. Kila Jumamosi alasiri hukutana kwenye banda la kukaushia tumbaku la mume wake, Wangwe, wakajifunza kufunga mafundo, kusafisha jeraha, kuwasha moto penye upepo, na kusema ukweli hata mbele ya mkubwa. Halipwi. Shule yenyewe aliishia darasa la tano, mwaka baba yake alipofiwa na ng'ombe.

Jumatatu ya wiki ile ya mkutano ilikuja barua kutoka ofisi ya Kanda ya chama cha skauti, ile inayoshika Migori na Homa Bay pamoja. Aliyeisoma ni Dolphine, mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu, ambaye analelewa naye.

"'Kuanzia tarehe moja Septemba,'" Dolphine akasoma akiwa amesimama, "'mlezi wa kundi lolote katika Kanda hii atakuwa mwanamke mwenye cheti cha kidato cha nne. Walezi wasio na cheti watakabidhi skafu, bendera na daftari la kundi kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Kanuni hii itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa Kanda, Homa Bay, Jumamosi hii.'"

"Soma tena," Nyasuguta akasema.

Dolphine akasoma tena.

"Soma pale pa cheti."

"Nyanya, hata nikisoma mara kumi hakitatokea."

Wangwe alicheka, kisha akaona uso wa mkewe, akajifanya anakohoa. Alikuwa ameketi mlangoni akitoa mwiba kidoleni kwa ncha ya kisu. "Mama Milka," akasema, "wape tu kitambaa chao. Kwani kinakulisha? Jumamosi utapumzisha mgongo. Miaka kumi na tisa unalinda watoto wa watu, na wenyewe hata sukari hawakuletei."

"Na Dolphine?"

Wangwe aliacha kuchokoa kidole. Katika chama kile msichana huvaa skafu siku anapoweka ahadi, na ahadi huwekwa mbele ya mlezi wa kundi lake mwenyewe. Dolphine alikuwa ameisubiri miaka miwili. Siku yake ilipangwa Jumamosi ya pili baada ya mkutano. Mlezi mwenye cheti aliyekuwa karibu alikuwa Kehancha, na Kehancha si mahali mtoto anakwenda kwa miguu kila wiki na kurudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Kundi lingekufa, na kila mtu pale mlangoni alilijua hilo.

Jumanne habari ilikuwa imefika kwenye mashine ya kusaga. Mwanamke mmoja, debe kichwani, alimwambia mbele ya foleni yote, "Nyasuguta, kumbe wewe ni mwalimu bila shule! Na mimi nimekuwa nakuita Madam!" Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka kwenye mashine. Nyasuguta naye alicheka kidogo, akachukua unga wake, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, njia ambayo hapiti siku zote.

*

Jioni ile alitoa Katiba ya chama sandukuni. Ni kijitabu chembamba. Kila kundi lilipewa kimoja, Kiingereza ukurasa wa kushoto, Kiswahili wa kulia. Alikuwa amekifunga kwenye karatasi ya nailoni. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza akaanza kusoma, neno kwa neno, midomo ikitembea. Dolphine alitaka kumsomea ili waende haraka.

"Nani amesema tuna haraka?" Nyasuguta akasema. "Jambo langu nataka nilione kwa macho yangu."

Walifika ibara ya kumi na nne ugali ukiwa umepoa. Hapo palisema nani anaweza kuwa mlezi. Mbele kidogo, ibara ya kumi na tano ilisema Kanda inaweza kuongeza masharti yake, ila ni lazima theluthi mbili ya wajumbe waliohudhuria mkutano mkuu wakubali. Pungufu ya hapo, sharti halisimami.

"Theluthi mbili ni wangapi?"

Dolphine alichukua maharagwe kwenye ungo, akahesabu ishirini na tano juu ya mkeka. "Makundi ya Kanda ni ishirini na matano, kila kundi mjumbe mmoja. Mwenyekiti hapigi kura. Wakija wote, hao wanataka kumi na saba. Wakiwa kumi na sita, bado, haijafika."

"Na mmoja asipokuja?"

Dolphine aliondoa haragwe moja. "Ishirini na wanne. Hapo kumi na sita inatosha."

Nyasuguta aliliangalia lile haragwe lililotengwa. "Yaani nikienda nikakaa tu kwenye kiti, bila kusema neno, nimeshawaongezea kazi?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Baba Milka," akaita, "Ijumaa niuzie yule jogoo mwekundu. Nataka nauli."

"Jogoo wangu?"

"Jogoo wako, banda lako, na mke wako. Wote tunakwenda Homa Bay."

*

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, wenye madirisha ya vioo vya kufunua na veranda ndefu ya saruji. Mlangoni palikuwa na meza, na msichana mwenye kalamu.

"Jina? Kundi? Elimu?"

"Nyasuguta Wangwe. Kegonga." Hilo la tatu lilimkwama kidogo. "Darasa la tano."

"La tano?" Sauti ya msichana ilifika hadi viti vya nyuma. "Sasa nitaandika wapi? Hapa iko kidato cha nne, chuo, na digrii peke yake."

"Andika pembeni, mwanangu. Karatasi ni pana."

Wajumbe wengine walipewa beji zilizochapwa. Yeye alipewa kipande cha katoni, jina limeandikwa kwa kalamu, na pini ya nguo. Alipoinama kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio aliandika majina yote mawili, herufi baada ya herufi, na nyuma yake mtu akafyonya.

"Andika pole pole, nyar Kuria," ikasema sauti nyingine nyuma yake, ikimwita binti wa Kuria kwa Kiluo. "Ukimaliza wewe, mimi nitachukua muda huo huo, na mimi niko na kidato cha pili. Hiyo ni nusu ya cheti."

Huyo alikuwa Scovia, mjumbe wa Rusinga. Walikuwa hawajuani. Walikaa pamoja mstari wa mbele kwa kuwa kule nyuma palishajaa.

Mwenyekiti wa Kanda, Madam Edith, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu, skafu yake imepigwa pasi ikakaa kama bati. Nisimseme vibaya. Hakuwa mtu wa hila. Chama alikipenda kuliko nyumba yake, na wazazi wa mjini walikuwa wanamchosha kwa maswali. "Mzazi ananipigia," alisema alipofungua mkutano, "ananiuliza, binti yangu anakwenda kambini na nani, amesoma mpaka wapi? Nimjibu nini? Sina ugomvi na mtu. Nataka tuheshimike."

Makofi yalikuwa mengi. Nyasuguta alihesabu kwa macho wasiopiga, akapata wachache.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mwandishi wa kumbukumbu. Yule wa kawaida alikuwa ameamka na homa, na Madam Edith alikuwa amempigia simu karani wa ofisi moja ya wakili pale mjini aje amsaidie kwa malipo ya siku. Karani huyo alikuwa Nashon. Nashon ndiye mume wa Milka.

Inafaa niseme hapa, kwa wasomaji wadogo. Kwetu huku, awe Mluo, awe Mkuria, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima kali. Anayemkuta mwenzake ameketi, hurudi alikotoka. Vijana wengi wameilegeza desturi hiyo. Nyasuguta hakuwahi kuilegeza, na Nashon, pamoja na tai yake, alikuwa akiishika vilevile.

Nashon alimwona. Mguu wake ulisimama kizingitini. Alipaswa kugeuka pale pale. Lakini Madam Edith alikuwa amekwisha kusema, "Karibu, Nashon, tunakungoja wewe tu," na watu wote walikuwa wanamtazama, na kazi za siku kama ile hazijipeleki kwa mtu. Akasita. Nyasuguta akaona anavyosita. Alivuta leso usoni, akainuka, akapita upande wa ukuta hadi nje, bila kumwambia mtu neno. Nashon aliugeukia ukuta mpaka mlango ukafungwa, kisha akaenda kukaa kwenye meza yake.

"Ameenda wapi huyo?" mtu akauliza.

"Ametoroka. Ameona mambo ya vyeti."

"Labda ameenda kukitafuta!"

Kicheko kilipita ukumbini kutoka mbele hadi nyuma.

*

Verandani palikuwa na kreti tupu ya soda. Nyasuguta aliikalia chini ya dirisha. Alisikia kila kitu, na kicheko chenyewe pia. Angeweza kuita Scovia amweleze sababu. Lakini kusema sababu ni kumtaja mkwe mbele za watu, kwamba aliingia mahali alipopaswa kurudi. Ni kumwaibisha, na kumharibia kazi ya siku. Basi akakaa na jambo lake kifuani. Aliishika ile beji ya katoni isipeperushwe na upepo wa ziwa.

Mjadala ulikwenda saa nzima. Scovia alisema, na mama mmoja wa Oyugis akasema, na walimu watatu wakawajibu kwa Kiingereza kirefu. Kisha Madam Edith akaita kura.

"Wanaokubali kanuni?"

Nashon alihesabu mikono kwa kalamu. "Kumi na sita."

"Wanaopinga?"

"Minane."

Nashon hakuangalia upande wa dirisha. Tangu alipoketi alikuwa amegeuza shingo upande wa pili kama mtu aliyelala vibaya.

"Waliohudhuria ishirini na wanne," Madam Edith akasema, na mtu ungesikia alivyopendezwa na hesabu ile. "Kumi na sita ni theluthi mbili kamili. Kanuni imepita. Andika, Nashon."

Scovia akasimama. "Ngoja kwanza, Madam. Na ule mkono wa dirishani ni wa nani?"

Watu wakageuka. Kati ya vioo viwili mkono ulikuwa umepenya, mkavu, mweusi, vidole vitatu vimenyooka kama skauti anavyoapa. Ulikuwa pale tangu wapingaji walipoitwa, na haukuwa umeshuka.

"Ni mjumbe wa Kegonga," Scovia akasema. "Sahihi yake iko kwenye daftari. Hakuaga."

"Verandani si mkutanoni," Madam Edith akasema. "Anayetaka kuhesabiwa aingie. Mama wa Kegonga! Ingia!"

"Nasikia vizuri kutoka hapa, Mwenyekiti," sauti ikajibu.

"Sijakuuliza kama unasikia. Kwa nini hutaki kuingia?"

Nje kimya. Mkono haukushuka.

"Aingie ama hahesabiwi! Kwani ndani kuna simba?"

Hapo Madam Edith akageukia ukumbi, akafungua mikono. "Mmeona wenyewe. Mtu mzima ameshindwa hata kueleza kwa nini amekaa nje, na huyu ndiye tumwachie watoto awafundishe. Andika, Nashon, tumalize."

Nashon aliweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, sijaandika."

"Basi andika."

"Ibara ya ishirini na sita inasema matokeo si matokeo mpaka yaandikwe kwenye kumbukumbu na yatiwe sahihi. Kabla ya hapo mjumbe yeyote anaweza kuomba mikono ihesabiwe upya."

"Naomba!" Scovia akapaza sauti kabla hajaketi vizuri.

"Nashon," Madam Edith akasema taratibu, "nilikuita uandike. Sikukuita unifundishe Katiba."

"Ni kweli, Madam. Na nimekuja." Alisimama. "Lakini asubuhi nilipofika pale mlangoni ilikuwa nirudi, sikurudi. Huyo unayemuuliza kwa nini amekaa nje, huyo ni maro. Ni mama wa mke wangu. Amenipisha chumba ili nisikose kazi ya leo. Amekubali mumcheke kuliko anitaje. Kosa ni langu mimi. Si lake."

Wanawake kadhaa walijifunika midomo kwa viganja. Yule mama wa Oyugis akasema, kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia, "Maskini! Na sisi tulicheka."

"Sasa mimi ndiye nitakaa nje," Nashon akasema. Aliufunga mkoba wake, akalipeleka daftari la kumbukumbu kwa mikono miwili hadi mezani kwa mwenyekiti, akatoka kwa mlango wa jikoni, ule wa nyuma, ili wasikutane.

"Huyo amelelewa," Scovia akasema.

*

Nyasuguta akaingia. Alitembea hadi kiti chake kile cha mbele, akakaa, akatengeneza leso. Madam Edith akaangalia saa yake.

"Una dakika mbili za kusema," akasema, "kwa kuwa ulikosa mjadala."

"Sikuukosa, Mwenyekiti. Niliusikia wote. Lakini asante."

Akasimama, akafungua kijitabu kutoka kwenye nailoni yake, akaweka kidole.

"'Mlezi... wa kundi... atakuwa... mwanamke yeyote...'"

Nyuma mtu alichekea puani. Nyasuguta aliinua macho, kidole kikabaki kwenye neno lake. "Cheka umalize, mwanangu. Mimi si mwepesi, nitakungoja." Na kweli akangoja. Ukumbi mzima ukangoja naye, mpaka yule wa nyuma akatamani sakafu impokee. Kisha akaendelea, "'...aliyetimiza miaka ishirini na mmoja... aliyeweka ahadi... na ambaye wazazi wa wasichana... wamemkubali.'"

Akafunga kitabu.

"Cheti hakimo. Walioandika hii walikuwa wamesoma kuliko mimi na kuliko wengi humu. Wangetaka cheti wangekiandika. Wino haukuwaishia. Walijua kuna mahali kama Kegonga." Alikirudisha kitabu kwenye nailoni. "Mwaka juzi kijito chetu kilifurika, gari halivuki, na kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu. Wasichana wangu tisa walichukua nguzo mbili za tumbaku, wakafunga skafu zao tisa, ikawa machela, wakambeba hadi zahanati kwa njia ya juu. Mtoto yuko, anakimbia. Lile fundo lilikuwa la kwangu. Halikuuliza nimesoma mpaka wapi, lilishika."

Aligusa skafu shingoni mwake.

"Mkitaka niondoke, njia iko humu humu ndani ya Katiba. Njooni Kegonga, waulizeni wazazi. Wakinikataa, hii skafu nitaileta Homa Bay mwenyewe, nimeshaifua. Lakini wanikatae wao. Nimemaliza, na dakika moja imebaki, mwenyekiti unaweza kuitumia."

Wakahesabu upya. Scovia alihesabu pamoja na mwalimu mmoja wa upande wa pili, mmoja huku na mwingine kule, kisha wakabadilishana. Waliokubali kanuni walikuwa kumi na sita wale wale. Nisidanganye, hata mmoja hakubadilisha mawazo. Mmoja alikuwa na machozi machoni, na mkono wake ulikuwa juu. Waliopinga walikuwa tisa.

Madam Edith alichukua kalamu aliyoiacha Nashon. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na hesabu hakuwahi kuiibia. Aliandika ishirini na tano, akagawa, akazidisha, akaangalia jibu lake kama mtu anayeangalia mtoto wake mwenyewe akimkosea adabu.

"Kumi na saba ndiyo iliyotakiwa," akasema. "Kanuni haikupita." Akaandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu kwa mkono wake, akatia sahihi.

Watu walipoanza kuinuka alishuka hadi mstari wa mbele. "Nilikusema vibaya," akamwambia Nyasuguta kwa sauti ya chini.

"Ulisema kwa sauti, Mwenyekiti," Nyasuguta akamjibu bila ukali. "Basi na hili nalo liwe na sauti hiyo hiyo."

Scovia anasema alidhani Madam Edith angeondoka. Alibaki amesimama. Kisha akageuka, akapiga makofi mawili ya kimwalimu, na ukumbi ukakaa. "Wajumbe," akasema, "nilimsema vibaya mlezi wa Kegonga mbele yenu. Nayaondoa maneno hayo mbele yenu." Akamnyoshea mkono wa kushoto, kama skauti wanavyosalimiana wao kwa wao, na Nyasuguta akaupokea kwa wake wa kushoto.

*

Hakulala Oyugis kwa Milka, maana hiyo ni nyumba ya Nashon. Alipita tu barabara yake ya Rongo na Migori hadi kwake. Ila Milka alikuwa amekwisha kupigiwa simu na mumewe.

"Mama yako amenifukuzisha kazi," Nashon alimwambia.

"Nani amekufukuza?"

"Mimi mwenyewe."

"Na unacheka nini?"

"Sijui. Ungemsikia! Nilikuwa jikoni na masufuria, nimesikia yote. 'Wino haukuwaishia'!" Akacheka tena mpaka Milka naye akacheka, na watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Milka akampigia baba yake, na hilo lilikuwa kosa kama ni kosa, kwa kuwa Wangwe hana kifua cha kuhifadhi jambo. Nyasuguta aliposhuka Kegonga, jua likiwa bado halijazama, habari ilikuwa imemtangulia kwenye mashine ya kusaga, kwa fundi wa baiskeli, na kanisani ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Yule mwanamke wa debe alimsimamisha njiani. "Madam," akamwita, mara hii bila kucheka, na akaibeba mikoba yake hadi langoni.

Wangwe alikuwa amechemsha chai mwenyewe, ikafurika ikazima moto, akauwasha tena. Alimpa mkewe kiti chake chenye mgongo.

"Kura mia mbili!" akamwambia Dolphine. "Nyanya yako amezipiga chini kura mia mbili!"

"Kumi na sita, Baba Milka."

"Ndiyo, kumi na sita, lakini za watu wenye vyeti. Kila moja ihesabu mara kumi."

Dolphine alitaka kujua kila kitu, kuanzia msichana wa mlangoni. Nyasuguta alieleza polepole, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, naye hakuruka mahali alipochekwa. Alipofika kwenye veranda Wangwe alisimama akainua mkono wake mwenyewe, vidole vitatu, aone mtu anachoka baada ya muda gani.

"Haki, Nyanya, hukuushusha?"

"Ningeushusha, nani angejua niko?"

"Na mimi ahadi yangu Jumamosi ile ya pili?"

"Jumamosi ile ile ya pili. Uifanyie kazi sauti yako, unaongea kama una pamba mdomoni."

Walikula. Haikufika saa tatu, Nyasuguta akaanza kusinzia akiwa ameketi; Dolphine alimtoa miguu kwenye beseni, akamkausha, akampeleka kitandani, naye bibi akalala palepale na gauni lake la safari. Wangwe alibaki na mjukuu, akarudia habari yote tangu mwanzo kana kwamba ni yeye aliyekuwa Homa Bay, akaongeza simba mmoja mahali ambapo hapakuwa na simba. Dolphine alicheka mara mbili. Mara ya tatu hakucheka, kwa kuwa alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi.

Wangwe akamfunika shuka. Akajilaza ubavuni pa mkewe, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumweleza, akajieleza mwenyewe kwa kunong'ona, kwamba kumi na sita walinyosha na kumi na sita hawakutosha, kwa sababu mke wake alikuwepo. Alisema, "Alikuwepo," akalisema tena, na kabla ya la tatu usingizi ukamchukua.